Kinyozi wa Bunge

Wabunge humwita Kinyozi, ingawa hajawahi kushika mkasi. Anachokata ni sauti. Anakaa kwenye chumba chenye ukuta wa kioo juu ya viti vya waandishi wa habari, na mbele yake kuna meza ya mitambo yenye kitufe kimoja kwa kila kiti kilichoko ukumbini. Spika akimtaja mbunge, Kinyozi anabonyeza, na duara jekundu linawaka kwenye shingo ya kipaza sauti cha mbunge huyo. Muda ukiisha kengele inalia, anabonyeza tena, duara linazimika, na mtu aliyekuwa akiunguruma kama lori la mizigo anabaki akichezesha midomo.

"Kinyozi, leo usininyoe mapema," humtania wakipishana naye kwenye ngazi. "Niachie hata za pembeni."

"Mheshimiwa, mimi na wewe wote watumwa wa kengele," hujibu, na kuendelea kupanda.

Ni mtu mrefu, mkimya, mwenye mashati matatu ya kazi yanayofanana kiasi kwamba wengi hudhani ni moja. Mkewe aliondoka zamani na kuolewa kwingine, na wakikutana husalimiana vizuri. Kazini ana jambo moja analojivunia: hamkati mtu katikati ya neno. Kengele ikilia husubiri msemaji avute pumzi, na hapo ndipo kidole kinashuka. Kanuni hazisemi hivyo. Amejiwekea mwenyewe, kama mtu anayefunga mlango taratibu kwa sababu tu hapendi kishindo.

Jambo la pili hakujiwekea, alilirithi. Kura nyingi bungeni hupigwa kwa mdomo. Spika husema wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, husikiliza, kisha hutangaza upande ulioshinda. Spika wa sasa ni mzee, na sikio lake moja limechoka kabisa. Katika lile lililobaki huvaa kisikilizio, na kinachoingia humo ni kile tu ambacho Kinyozi ameruhusu kipite kutoka kwenye vipaza sauti vinavyoning'inia darini. Fundi aliyemtangulia alimfundisha kwamba kwenye ndiyo kishikio cha sauti ya dari hupandishwa kidogo, na kwenye siyo hushushwa. Sababu haikuwa siasa. Wapinzani wa enzi hizo walikuwa wakisema siyo huku wakipiga meza kwa viganja, na siku moja kelele hizo zilimuumiza Spika wa wakati huo hadi akang'oa kisikilizio na kukitupa chini. Tangu hapo mkono ukawa unashuka. Wapinzani wale wamezeeka, wengine wamehamia upande wa pili, na meza zimevishwa ngozi laini. Mkono bado unashuka. Hakuna aliyewahi kuuliza, kwa kuwa upande wa serikali una watu wengi na hushinda hata usingizini.

Nje ya jengo hilo Kinyozi ana mtu mmoja wa karibu, dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Dada huyo aliishi chini ya dampo la jiji. Watu wa huko hawasemi dampo, wanasema mlima, na kwa kweli ni mlima: una njia zake, una kilele, una upande wa jua na upande wa kivuli, na unatoa moshi. Yeye alinunua chupa kutoka kwa waokotaji, akazilowesha kwenye mabeseni, akazisugua kwa mchanga na sabuni, akawauzia watu wanaojaza mafuta ya nywele na dawa za kusafishia vyoo. Mtaa mzima ulimwita Mama Chupa.

Jumamosi moja kabla ya mvua kuanza alimshika mdogo wake mkono na kumpandisha mteremko.

"Njoo uone mlima ulivyofungua mdomo."

Ufa ulikuwa umekata njia ya waokotaji kuanzia upande mmoja hadi mwingine. Kinyozi aliingiza mguu wake na ukazama mpaka pajani. Ndani kulikuwa na joto. Walipoteremka, dada alimwonyesha ukuta wa choo chake, ambako maji meusi yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye tofali kavu.

"Dada, hama. Chumba cha nyuma kwangu kiko wazi."

"Nihame niache fidia? Si wewe mwenyewe uliyesema nisibanduke?"

Ni kweli alisema. Kwenye bajeti ya mwaka uliopita alimsikia Waziri wa Mazingira akilitangazia bunge kwamba limetengwa fungu la kuhamisha dampo na kuwalipa wakazi wa chini yake. Watakaokutwa ndani ya nyumba zao siku ya tathmini watalipwa. Watakaokuwa wameondoka, basi tena. Jioni hiyo Kinyozi alilipeleka neno hilo kwa dada yake kwa furaha ya mtu anayerudi nyumbani na kifurushi mkononi. Dada akalipeleka kwa majirani, nyumba baada ya nyumba: mdogo wangu yuko bungeni, kasikia kwa masikio yake, kaeni. Wakakaa. Wathamini hawakuja.

"Wiki ijayo kuna mjadala," Kinyozi alisema. "Kamati ya bajeti imeleta marekebisho ya kulihamisha hilo fungu."

"Kulipeleka wapi?"

"Kumalizia makao makuu ya Mamlaka ya Mazingira. Lile ghorofa la vioo. Limekwama kwenye lifti."

Dada alicheka hadi akaweka chini chupa aliyokuwa akiisugua. "Kwa hiyo mazingira yanajengewa ofisi, sisi wa kwenye mazingira tunabaki na mlima. Wewe si unakaa nao kila siku? Waambie."

"Mimi siwaambii kitu, dada. Mimi nafungua maiki."

"Basi fungua."

"Wakikataa marekebisho, wathamini watakuja kabla mvua haijakolea. Wakiyapitisha, hakuna cha kusubiri tena, unahama siku hiyo hiyo. Ngoja kura."

"Haya. Tungoje kura," alisema dada, na jioni ile ile mtaa mzima ulijua kwamba unangoja kura.

Siku ya mjadala, Kinyozi alikuwa kwenye kiti chake mapema. Pembeni yake alikaa binti wa zamu, msichana aliyeajiriwa miezi michache nyuma kusimamia kurekodi, mwenye maswali mengi na pipi mdomoni. Chini, ukumbi ulijaa nusu. Mawaziri walikuwa na makabrasha. Wabunge wa nyuma walikuwa na simu.

Mbunge wa jimbo lenye dampo alipewa nafasi ya kwanza ya upinzani. Ni mwanamke mfupi, aliyewahi kuwa muuguzi, na wenzake humwita Mbunge wa Inzi. Duara jekundu liliwaka.

"Mheshimiwa Spika, mwaka jana fungu hili lilikuwa na kichwa cha habari kinachosema Kuhamisha Dampo. Leo fungu ni lile lile, wizara ni ile ile, kichwa cha habari kinasema Lifti na Samani. Mwakani Waziri atasimama hapa atuambie pesa zote za mazingira zimetumika kwenye mazingira, na hatakuwa amedanganya. Hapo ndipo penye uzuri wake."

"Kaa chini, unatuletea inzi!" alipayuka mtu kutoka viti vya nyuma vya serikali.

"Inzi wangu wana adabu. Wakishiba wanaondoka."

Ukumbi uliangua kicheko, pande zote mbili. Hata Waziri wa Fedha alijifuta macho. Spika aligonga meza, akataka utulivu, akasema lugha ya wadudu isitumike.

Mbunge aliendelea. Hakusoma mahali. Alieleza ufa, akaeleza maji meusi, akamtaka Waziri aseme kama ameufikia mteremko ule kwa miguu yake au kwa karatasi. Kisha kengele ikalia. Kinyozi aliisikia na akamsikia mbunge akisema, "Namwomba kila mmoja wetu ajiulize, kama angekuwa ni mama yake anayelala pale," kisha mbunge akavuta pumzi. Kidole cha Kinyozi kilishuka. Angeweza kumwachia sentensi moja zaidi. Aliwaza hivyo baada ya duara kuzimika.

Waziri wa Mazingira alijibu kwa sauti tulivu. Serikali haipingi kuhamisha dampo, alisema, inapanga tu kipi kitangulie. Hakuna mazingira bora bila taasisi imara, na taasisi haiwezi kuwa imara ikiwa watumishi wake wanapanda ngazi ghorofa tisa na makabrasha kichwani. Kuhusu mteremko, wataalamu wamemhakikishia kwamba umetulia.

"Hata maiti imetulia!" sauti ilisema.

"Nani amesema hivyo?" Spika aliuliza, akigeuza sikio lake zima.

Kilichobadilisha hewa kilitoka upande ambao hakuna aliyeutarajia. Alisimama mbunge mzee wa chama tawala, muuza mabati, mtu anayesifika kwa kusinzia na kuamka wakati wa kura tu.

"Mheshimiwa Spika, mimi ni wa upande huu na nitafia upande huu. Lakini nilikuwa mchimbaji kabla sijauza mabati. Niliwahi kufukiwa. Udongo hauanguki kama jiwe, Mheshimiwa Spika. Unatembea. Unakuona, unakufuata. Mimi siwezi kusema ndiyo kwa lifti. Naomba mnisamehe." Akakaa, na huyo ndiye mtu pekee siku hiyo ambaye kengele haikumfikia.

Kinyozi aliona vichwa vikigeukiana kwenye viti vya serikali. Aliona simu zikiwekwa chini. Binti wa zamu aliacha kutafuna.

"Mzee, hoja hii inaweza kuanguka," alisema.

"Kaa kimya. Spika anataka kura."

Spika alisimama. "Wanaoafiki marekebisho waseme ndiyo."

Mkono wa Kinyozi ulipandisha sauti ya dari, na ndiyo ikajaa kwenye visikilizio vyake, nzito, iliyoshiba.

"Wasioafiki waseme siyo."

Macho ya Kinyozi yalikuwa kwenye kioo. Aliona midomo. Aliona upande wote wa kushoto ukifungua midomo, kisha upande wa kulia, safu ya nyuma, safu ya kati, mzee wa mabati amesimama kabisa huku mishipa ya shingo imemtoka. Ilikuwa midomo mingi kuliko ile ya kwanza, na kwa mbali. Lakini kwenye visikilizio vyake ilifika siyo ndogo, kama watu wanaoitana ng'ambo ya barabara. Alitazama chini. Mkono wake ulikuwa umeshashuka.

"Mzee," binti aliuliza, "mbona umeshusha?"

Katika miaka yake yote kwenye kile chumba, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa. Alifungua kinywa amjibu kuhusu sikio la Spika, na Spika akawahi.

"Nadhani walioafiki wameshinda."

Nyundo ikagonga.

Kanuni zinampa mbunge yeyote haki ya kupinga matokeo na kudai watu wahesabiwe, ilimradi afanye hivyo kabla Spika hajaita shughuli inayofuata. Mbunge wa Inzi aliijua kanuni hiyo. Alikuwa ameshasimama, ameinamia kipaza sauti chake, anasema. Ila kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, kwa kuwa Spika hakuwa amemtaja, na Spika alikuwa ameinamia karatasi zake akitafuta ukurasa. Waliomzunguka walikuwa wakipiga kelele pia, na kelele zao hazikuwa na mlango wa kuingilia kwenye lile sikio.

Kidole cha Kinyozi kilikuwa juu ya kitufe cha mbunge huyo. Hajawahi kufungua kipaza sauti bila Spika kutaja. Alimtazama Spika, akingoja ainue kichwa. Hakuinua. Alimtazama Mpambe wa Bunge, askari mwenye glavu nyeupe, akingoja aende kumnong'oneza Spika. Mpambe alikuwa akitazama saa yake.

Spika alisema, "Katibu, tuendelee," na Katibu akasoma shughuli inayofuata.

Hapo Kinyozi akabonyeza. Duara jekundu likawaka, na ukumbi mzima, pamoja na redio zote zilizokuwa zikifuatilia, ukasikia neno moja: "Wahesabiwe!"

Spika aliinua kichwa kwa mshtuko. "Mheshimiwa, umechelewa. Tumeshaingia shughuli nyingine. Na nani amekufungulia?"

Mkuu wa kitengo cha sauti alimwita Kinyozi kabla wabunge hawajatoka ukumbini. Ni mtu mwenye ofisi safi na saa ya ukutani inayokwenda mbele kidogo.

"Umemfungulia mbunge ambaye hakutajwa."

"Ndiyo, mkuu."

"Umeshawahi kufanya hivyo?"

"Hapana."

"Basi nitakuandikia onyo tu, kwa sababu ya utumishi wako. Ungekuwa mwingine ningekuonyesha cha mtema kuni."

"Mkuu, kuna jambo jingine. Wakati wa kura huwa nashusha sauti ya siyo. Leo nimeishusha pia."

"Hilo ni la kiufundi."

"Kura imepita kwa sababu hiyo."

"Nimekwambia hilo ni la kiufundi. Usilete siasa kwenye mitambo." Akafungua mlango, kwa heshima, na kumsindikiza hadi nje.

Jioni jua likiwa bado juu Kinyozi alifika chini ya mlima na mkokoteni wa kukodi. Dada yake alikuwa na redio kwenye kigoda kando ya beseni.

"Nimesikia," alisema kabla ya salamu. "Yule mama alipaza neno moja tu. Walimkata?"

"Hawakumkata. Hakufunguliwa kwa wakati."

Dada alitoa mikono kwenye beseni. Akaanza kupanga chupa kwenye magunia.

Majirani walisogea mmoja mmoja. Muuza mkaa wa nyumba ya tatu, mwanamke mwenye mapacha, alisimama mbele ya mkokoteni.

"Kwa hiyo, shemeji, fidia imekufa?"

"Imekufa. Hameni wote. Leo ikiwezekana."

"Mwaka jana ulisema tukae. Juzi tungoje kura. Leo tuhame. Kesho utatuambia nini, turuke?"

"Mwacheni, ni mtu wa bunge," mwingine akasema. "Amezoea kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa." Watu walicheka, na Mama Chupa mwenyewe akacheka kidogo.

"Nasema kweli," alisema Kinyozi. "Sina hila. Mlima unatembea."

"Twende wapi?" aliuliza muuza mkaa, sasa bila utani. "Dada yako ana chumba cha nyuma kwako. Sisi tuna nyuma gani?"

Kinyozi aligeukia mkokoteni. Alisaidia kufunga kamba. Walipoondoka, muuza mkaa aliwapungia kwa mkono mweusi na kumpigia kelele Mama Chupa arudishe ile sufuria aliyoazima kwake.

Kesho yake kazini Kinyozi alikata utepe wa gundi na kukibandika kishikio cha sauti ya dari mahali pamoja, kisiweze kupanda wala kushuka. Binti wa zamu alimshikia utepe bila kuuliza. Siku mbili baadaye Spika alilalamika kwamba sikio linamuuma wakati wa kura. Mkuu wa kitengo alikuja mwenyewe kuubandua.

Mlima uliteremka asubuhi ya Jumapili, baada ya mvua ya siku kadhaa, saa ambazo watu walikuwa wakichemsha chai. Aliyekuwa barabarani alisema haukutoa kishindo. Alisema ulikuwa kama mtu anayejigeuza kitandani. Ulipita juu ya choo cha Mama Chupa, juu ya nyumba yake tupu, kisha juu ya ile ya pili na ya tatu na zilizofuata, ukasimama kwenye mtaro wa barabara. Kinyozi na dada yake walifika mchana. Walisimama nyuma ya kamba ya polisi kwenye tope hadi walipotolewa mapacha, na baadaye mama yao. Dada alikuwa amebeba sufuria. Hakujua ampe nani, akarudi nayo.

Walipokaribia nyumbani dada alisema, "Mimi ndiye niliyewapitia nyumba kwa nyumba."

"Mimi ndiye niliyekwambia."

"Najua," alisema dada.

Jumanne bunge lilikutana. Waziri wa Mazingira alitoa taarifa kuhusu janga la asili lililoipata sehemu ya jiji, akasema serikali itabeba gharama zote za maziko, na akashukuru kwamba makao makuu ya Mamlaka yanakaribia kukamilika ili majanga ya namna hii yasimamiwe vizuri zaidi. Mbunge wa Inzi hakuomba nafasi. Mzee wa mabati alikuwa ameinamisha kichwa, na safari hii hakusinzia.

Spika aliwaomba waheshimiwa wasimame kwa dakika moja ya ukimya.

Wakati wa ukimya, kazi ya fundi ni kufunga kila kitu: viti vyote, kiti cha Spika, dari. Kikohozi cha mbunge mmoja hakitakiwi kwenda hewani. Kinyozi alifunga kimoja kimoja. Mwisho akakishika kishikio cha dari, kile chenye alama ya gundi bado, akakishusha hadi chini kabisa. Binti wa zamu alikuwa akiutazama mkono wake.

Nyumbani, kwenye uwanja wa nyuma ambako sasa kuna mabeseni, dada yake alikuwa akisikiliza redio. Ilipokata sauti aliipiga kofi, kama kawaida yake betri zikilegea. Akaipiga tena. Akafungua kifuniko cha nyuma, akazitoa betri, akazisugua kwenye gauni, na alipozirudisha mtu alikuwa akizungumza habari za ushuru wa saruji.

Jioni alimuuliza. "Leo redio imekufa katikati. Ni nyinyi?"

"Walikuwa wamesimama kwa ajili ya marehemu. Ulikuwa ukimya."

"Nani anazikata sauti hapo? Spika?"

"Mimi."

Dada alichukua chupa nyingine kutoka kwenye beseni, akaigeuza kuangalia kama mchanga umetoka.

"Unawakata wote mara moja?"

"Wote."

"Kumbe unaweza," alisema, akaendelea kusugua.